Mikocheni: Kutoka Minazi Iliyokufa hadi Chipu Inayosoma Muhogo

Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Dar es Salaam, kilizaliwa kwa sababu minazi ilikuwa inakufa. Mwaka 1979 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, kwa msaada wa Wajerumani na Benki ya Dunia. Katika mwambao wa bara kulikuwa na ugonjwa ambao wakulima waliujua kwa macho tu: nazi changa zinapukutika, karara linatoka jeusi, makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini kwenda juu, kisha kichwa chote kinaanguka na mwenye shamba anabaki na magogo yaliyosimama. Dawa haikuwapo.

Kinachoua minazi hiyo ni fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kisicho na ukuta wa seli, ambacho maskani yake ni mirija inayosafirisha chakula ndani ya mmea. Wanasayansi wa Japani ndio waliovitambua viumbe vya aina hiyo kwenye mimea kwa mara ya kwanza, mwaka 1967. Tabu ya fitoplazma ni kwamba haioteshwi maabara. Bakteria wengi ukiwaweka kwenye kisahani chenye chakula watazaana usiku kucha na asubuhi utawaona. Huyu ukimtoa ndani ya mmea, au ndani ya mdudu anayemsambaza, umemmaliza. Kwa hiyo mtu anayetaka kuthibitisha kwamba mnazi fulani unaumwa ugonjwa huu hana budi kutafuta vinasaba vya kijidudu chenyewe.

Ndiyo maana kituo cha minazi kikajikuta kinajifunza kusoma vinasaba mapema kuliko vituo vingi vya kilimo nchini. Katika miaka ya 1990 watafiti wake walianza kutumia PCR, njia iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ambayo hukizalisha kipande kidogo cha DNA mara mamilioni hadi kionekane. Mwaka 2000 mmoja wao, Mpunami, na wenzake walichapisha matokeo ya kazi ya kuchosha: walikuwa wamekusanya wadudu wanaofyonza minazi, wakawasaga, wakatafuta ndani yao vinasaba vya fitoplazma, na wakavikuta kwa aina mbili. Mmoja wa wadudu hao kitaalamu anaitwa Diastrombus mkurangai, na wilaya ya Mkuranga imo ndani ya jina lake.

Nimeanza na minazi kwa makusudi, ingawa sisi wa Mpanda, mkoani Katavi, hatuna minazi ya kusimulia. Siku hizi ikitajwa chipu inayosoma DNA, watu huanza hadithi Oxford au Marekani, na Tanzania huingia mwishoni kama mahali ambapo kifaa kilijaribiwa. Kwa maoni yangu huko ni kuipindua historia. Chipu ilipofika nchini mwetu ilikuta nyumba yenye wenyewe: watu waliokwisha kuzoea kutoa vinasaba kwenye jani lenye utomvu, kukosea, kurudia, na kubishana juu ya majibu. Nyumba hiyo ndiyo ninayoiandikia kumbukumbu hii.

Mwaka 1996 mpango wa minazi uligeuzwa kuwa taasisi kamili ya utafiti wa kilimo, na shughuli zake zikapanuka hadi kwenye bioteknolojia ya mazao mengine. Zao lililokuja kuchukua nafasi kubwa zaidi lilikuwa muhogo.

Hapa Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda, muhogo hauhitaji kutambulishwa. Unavumilia ukame, unangoja ardhini hadi utakapouhitaji, kisamvu chake ni mboga, na mahindi yakikosekana ndio unaoshika nyumba. Mkoa wa Katavi ulitangazwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, lakini mchanganyiko wa watu wake ni wa siku nyingi: Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, kisha Waha na Wasukuma, na kuanzia mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi waliopewa ardhi Katumba, jirani na Mpanda mjini. Mishamo ikafuata mwaka 1978. Wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kuula muhogo, na mara nyingi lilikuja na pingili zake pia.

Pingili ndizo kiini cha tatizo. Mahindi unaanza upya na punje kila msimu, na magonjwa mengi ya virusi hayapiti kwenye punje. Muhogo unapandwa kwa kukata shina la mmea wa zamani, hivyo ugonjwa uliokuwa shambani mwaka jana unapandwa tena mwaka huu kwa mikono ya mwenye shamba. Mtu akimpa jirani yake mzigo wa pingili kwa wema, huenda anampa na ugonjwa. Kinachobaki kinafanywa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani na kubeba virusi kutoka mmea hadi mmea.

Magonjwa yenyewe ni mawili. Batobato inajionyesha: jani linapata mabaka ya manjano na kijani kibichi, linajikunja, mmea unadumaa. Michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi kwa kuwa inajificha. Majani ya juu yanaweza kuwa mazuri kabisa, shina linasimama wima, na mkulima anangoja mwaka mzima akihesabu magunia kichwani. Akichimba na kukata muhogo anakuta umeoza ndani, una mabaka makavu ya kahawia ambayo hata mbuzi hayataki.

Yote mawili yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi kutoka ardhi hii hii. Batobato ilielezwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894, kwa mimea iliyoonekana Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa na mtafiti Storey mwaka 1936, akiwa Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika misitu ya Usambara Mashariki na baadaye kikachukuliwa na Waingereza. Huko Amani walifanya jambo ambalo bado linatulisha. Storey na wenzake, na baadaye Jennings, waliuoanisha muhogo na mti wa mpira wa jamii yake ili watoto wa uzao huo warithi ukinzani. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1930 na kuendelea hadi miaka ya 1950. Damu ya mihogo ya Amani ilipelekwa Afrika Magharibi na imo ndani ya mbegu nyingi zinazolimwa barani leo. Namikonga, mbegu ambayo wakulima wa kusini mwa Tanzania waliitunza na ambayo inajulikana kwa kuikinza michirizi ya kahawia, ni mzawa wa kazi hiyo. Kenya mbegu hiyo hiyo inaitwa Kaleso.

Kwa miongo mingi wataalamu waliamini kuwa michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa pwani na wa maeneo ya chini, kwamba ukipanda zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari hausambai. Mpanda iko juu kidogo ya mita 1,000. Kwa kipimo hicho tulikuwa salama. Lakini mwaka 2004 ugonjwa ulionekana Uganda, kwenye mwinuko ambao haukutarajiwa kabisa, na Titus Alicai wa kituo cha Namulonge na wenzake wakachapisha habari hizo mwaka 2007. Baada ya hapo ukalizunguka Ziwa Victoria, ukaingia Burundi na mashariki mwa Kongo. Ile kinga ya mwinuko haikuwapo tena, na wilaya zote za magharibi zilizolala kwa amani zikawa njiani.

Hapo ndipo miaka mizito ya Mikocheni ilipoanza. Swali la kwanza lilikuwa kama ugonjwa wa Uganda ndio ule ule wa pwani. Mwaka 2009 Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha kwamba virusi vya Bonde la Ziwa Victoria na vile vya mwambao wa Bahari ya Hindi vinatofautiana kiasi kikubwa katika vinasaba, na baadaye ikakubalika kuwa ni aina mbili. Kwa mkulima jambo hili lina uzito: mbegu inayohimili aina moja si lazima ihimili nyingine, na kipimo kilichotengenezwa kwa moja kinaweza kuikosa nyingine.

Karibu na wakati huo huo Mikocheni ikawa makao ya mradi wa kutambua magonjwa ya muhogo uliounganisha nchi 7: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Msumbiji na Zambia. Fedha zilitoka mfuko wa Bill na Melinda Gates pamoja na serikali ya Uingereza, na kiongozi alikuwa Joseph Ndunguru. Pamoja naye walikuwapo Fred Tairo na Peter Sseruwagi. Mradi kama huu kwa nje hauvutii sana: ni watu wanaopita mashambani wakihesabu mimea, wakichuma majani, wakiyabana kati ya karatasi na kuandika mahali yalipotoka. Wakarudi mwaka uliofuata kufanya vilevile. Naona bila kazi hiyo isiyo na shangwe hakuna chochote kilichofuata ambacho kingekuwa na maana.

Mwaka 2015 Ndunguru na wenzake, akiwamo Laura Boykin wa Chuo Kikuu cha Western Australia, walichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vya virusi 12 vya michirizi ya kahawia kutoka Afrika Mashariki. Kila kimoja kina herufi karibu 9,000. Uchambuzi ulihitaji kompyuta kuu, yaani mashine za kiwango ambacho hatukuwa nacho. Mwaka uliofuata wakatoa jambo lingine la kushtua: vipande viwili vya DNA visivyojulikana kabla vinavyoifanya batobato iwe kali zaidi na kuuvunja ukinzani ambao wazalishaji wa mbegu walikuwa wakiutegemea. Vipande hivyo vilipatikana kwenye muhogo wa Tanzania.

Sayansi ilikuwa ya kiwango cha juu. Kasoro yake ilikuwa safari. Jani lilitoka shambani kwenda Dar es Salaam, na kwa usomaji kamili wa vinasaba sampuli zilivuka bahari. Majibu yalirudi baada ya miezi, yakiwa yameandikwa kwa ajili ya majarida. Mkulima aliyechumiwa jani alikuwa amekwisha kupanda pingili zile zile, na jirani yake pia.

Wakati hayo yakiendelea, kwingineko duniani watu walikuwa wakihangaika na swali ambalo halikuhusu muhogo hata kidogo: je, herufi za DNA zinaweza kusomwa na chipu ya silikoni bila mwanga, bila rangi, bila mashine yenye ukubwa wa kabati?

Njia mbili zilifanikiwa. Ya kwanza inatokana na transista iliyobuniwa na Mholanzi Piet Bergveld mwaka 1970, ambayo badala ya kuendeshwa na umeme wa kawaida inahisi ioni zilizo kwenye maji. Kila DNA inapojengwa kwa kuongezewa herufi, ioni ya haidrojeni huachiwa. Ukiwa na transista nyingi za namna hiyo kwenye chipu moja, unaweza kusikia herufi zikiingia. Chris Toumazou wa Imperial College, London, aliliendeleza wazo hilo kwa ajili ya vipimo vya magonjwa ya binadamu. Jonathan Rothberg akaanzisha Ion Torrent nchini Marekani mwaka 2007, na mwaka 2011 kampuni hiyo ikaonyesha uwezo wake kwa kusoma vinasaba vya Gordon Moore, mwanzilishi mwenza wa Intel, yule aliyetabiri jinsi transista zitakavyozidi kujazana kwenye chipu.

Ya pili ndiyo iliyofika shambani kwetu. Mwaka 1989 Mmarekani David Deamer, akiwa safarini kwa gari jimboni Oregon, aliandika katika daftari lake kwamba uzi mmoja wa DNA unaweza kuvutwa kwa umeme kupita kwenye tundu dogo katika utando, na kila herufi ikipita itauziba mkondo kwa namna yake. Ilichukua miaka 7 kabla ya yeye, Daniel Branton, John Kasianowicz na wenzao kuchapisha ushahidi kwamba uzi unapita kweli, wakitumia tundu la protini iliyotoka kwa bakteria. Mwaka 2005 Hagan Bayley, mwanakemia wa Oxford, pamoja na Gordon Sanghera na Spike Willcocks, walianzisha kampuni ndogo ya kuligeuza wazo hilo kuwa kifaa. Leo inaitwa Oxford Nanopore Technologies.

Ninavyoielewa kazi yake ni hivi. Juu ya chipu kuna utando mwembamba usiopitisha umeme, na ndani ya utando yamepachikwa matundu ya protini, kila moja likiwa na upana wa kupitisha uzi mmoja tu wa DNA. Umeme hafifu unalazimisha ioni za chumvi zipite tunduni. Protini nyingine inaushika uzi wa DNA na kuupunguzia mwendo, hatua kwa hatua, hadi herufi karibu 450 kwa sekunde. Kila kundi la herufi linapokuwa ndani ya tundu, mkondo unapungua kwa kiasi chake. Chipu iliyo chini inapima upungufu huo maelfu ya mara kwa sekunde, katika vipimo vidogo ajabu, kwa njia 512 kwa wakati mmoja. Kompyuta inachukua mawimbi hayo na kuyageuza kuwa herufi. Ni kama bibi anayevuta ushanga gizani kati ya vidole vyake na kukutajia kila punje bila kuiona.

Ugumu mkubwa ulikuwa mwendo. DNA ikiachwa yenyewe hupita tunduni kwa kasi ambayo hakuna chipu ingeweza kuisikia. Ndiyo maana kati ya kuanzishwa kwa kampuni na kifaa cha kwanza ilipita miaka mingi. MinION ilitangazwa Februari 2012, ikawafikia watafiti mwaka 2014, na ikaanza kuuzwa rasmi mwaka 2015. Inashikika kiganjani, uzito wake haufiki robo kilo, na inachukua umeme kutoka kwenye kompyuta ya mapajani kwa waya wa USB. Mwaka huo huo wa 2015 watafiti waliibeba kwenye mabegi ya safari hadi Guinea na kusoma vinasaba vya virusi vya Ebola huku mlipuko ukiendelea. Mwaka 2016 mwanaanga Kate Rubins aliitumia angani, kwenye kituo cha kimataifa cha anga.

Timu ya muhogo iliona jambo ambalo wengine hawakuliangalia: ikiwa kifaa kinaweza kwenda Guinea wakati wa Ebola, kinaweza kwenda kwa mkulima yeyote. Ndunguru, Boykin, Sseruwagi, Alicai wa Uganda, Elijah Ateka wa Kenya na wenzao waliunda kundi walilolipa jina la mradi wa kuchukua hatua dhidi ya virusi vya muhogo. Kwanza waliiweka MinION kwenye maabara za nchi zao wenyewe, na mwaka 2018 wakatoa taarifa kwamba muda kutoka kuchuma jani hadi jibu umeshuka chini ya saa 48. Sampuli hazikuhitaji tena kupanda ndege.

Kisha wakaiondoa maabara kabisa. Mwaka 2019 walichapisha habari za mashamba matatu, moja Tanzania, moja Uganda, moja Kenya, ambako kazi yote ilifanyika pale pale, chini ya mti. Walikuwa na vifaa vitatu, vyote vya betri. Cha kwanza, kilichotengenezwa New Zealand, hutoa DNA kwenye jani kwa kutumia vimeng'enya vinavyopenda joto: kinapasha, vimeng'enya vinavunja kuta za seli, na ndani ya kifuko kilichofungwa inatoka DNA safi. Cha pili ni MinION yenyewe. Cha tatu ni kisanduku kinachogeuza mawimbi ya chipu kuwa herufi papo hapo, bila intaneti. Kuanzia kuingia shambani hadi kumpa mkulima jibu hazikuisha saa 3. Virusi vya batobato vilikutwa kwenye jani, kwenye shina, kwenye muhogo wenyewe na ndani ya inzi weupe.

Wachumi wanaweza kuhesabu faida ya saa hizo tatu kwa namna nyingi. Mimi naiona hivi: kwa mara ya kwanza tangu Warburg alipoandika habari za Usambara, mwenye shamba alisikia jibu la jani lake kabla wageni hawajaondoka.

Kuna jambo katika taarifa hizo ambalo msomaji wa haraka anaweza kulipita. Chipu haijui virusi. Inatoa herufi tu, maelfu kwa maelfu, nyingi zikiwa za muhogo wenyewe. Ili kusema "hiki ni kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki" lazima herufi hizo zilinganishwe na maktaba ya virusi vilivyokwisha kusomwa na kupewa majina. Maktaba ya virusi vya muhogo vya kwetu iliandikwa kwa kiasi kikubwa na watu wa Mikocheni, Namulonge na wenzao, katika miaka ile ya kuhesabu mimea na kubana majani. Ungeipeleka chipu ile ile mahali ambapo hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo, ingekupa herufi na ungekaa nazo. Kwa hiyo ninaposema Mikocheni ni mwenyeji na si mahali pa majaribio, nina maana hiyo hasa.

Taasisi yenyewe imebadilika jina njiani. Sheria Na. 10 ya mwaka 2016 iliunda Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoanza kazi mwaka 2018, na kituo cha zamani cha minazi kikawa TARI Mikocheni. Ndunguru baadaye alihamia Arusha kuiongoza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Uhamisho huo una mantiki yake: aliyezoea kukamata virusi shambani alikwenda kwenye chombo kinachokagua mimea mipakani na bandarini, na kwa mkoa wenye bandari ya Karema, inayotazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hilo si jambo dogo. Pingili husafiri na watu.

Kumbukumbu ya heshima isifiche mapungufu. Majaribio yale ya saa 3 yalisoma DNA, na virusi vya batobato vina DNA. Virusi vya michirizi ya kahawia vimeandikwa kwa RNA. Kuvisoma kunahitaji hatua ya ziada ya kuigeuza RNA kuwa DNA, hatua yenye kemikali zake na muda wake. Yaani ugonjwa unaojificha zaidi, ule unaotutisha zaidi huku magharibi, ndio ambao saa zile tatu chini ya mti hazikuugusa. Halafu kuna baridi. Kipande chenye matundu ya kusomea kinatakiwa kutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na hata hapo kina wiki chache za uhai kabla protini zake hazijachoka. Kuna bei pia: seti ya kuanzia ya MinION iliuzwa kwa takriban dola 1,000, na kipande cha kusomea kila kinapochakaa kinagharimu mamia ya dola. Hakuna mkulima wa muhogo anayeweza kulipa hivyo, wala si haki atakiwe kulipa.

Ndiyo sababu naona chipu ikae mahali pake katika mnyororo mrefu zaidi. Kwa kutazama dalili, kuna programu ya simu iitwayo Nuru, iliyofunzwa kwa picha za majani zilizopigwa katika mashamba ya taasisi ya IITA nje kidogo ya Bagamoyo. Inamsaidia mkulima au afisa ugani kutofautisha batobato na magonjwa mengine kwa kuelekeza kamera tu, bure. Nuru haiwezi kuona kirusi kilichojificha. Kwa mbegu, TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, imeweka viwango vya mbegu ya muhogo, na kuna wazalishaji vijijini wanaouza pingili zilizokaguliwa. Chipu inafaa zaidi hapo katikati: kupima shamba la mama ambalo maelfu ya pingili zitatoka. Kipimo kimoja pale kinalinda mashamba mengi, na gharama yake ikigawanywa inakuwa ndogo. Watu wapatao milioni 800 duniani wanategemea muhogo, na sehemu kubwa yao wanapanda pingili ambazo hakuna aliyewahi kuzipima kwa namna yoyote.

Mpanda ilipata reli kwa sababu ya madini. Tawi la kutoka Kaliua, kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 ili kubeba risasi iliyochimbwa hapa, na mgodi ukafungwa baadaye huku reli ikibaki. Vitu vingi vizuri vimetufikia kwa treni hiyo. Vifaa vile vitatu vya betri vinaingia kwenye begi moja, na kipande cha kusomea kinasafiri kwenye kisanduku cha barafu cha aina ambayo wahudumu wa chanjo wameitumia vijijini kwa miaka mingi, hivyo ujuzi wa kukitunza tunao katika zahanati zetu. Wataalamu wapo Mikocheni na wanafundisha. Ombi la Kawajense kwa taasisi hii, inayostahili kila pongezi, ni kwamba ipange safari ya kuja kupima mashamba ya pingili ya Katavi pamoja na michirizi ya kahawia, na ifike Oktoba, kabla ya mvua za Novemba, wakati watu wanapoanza kukata mashina ya kupanda na kugawana na majirani.